PICHA BILA JINA: HISTORIA FUPI YA PICHA ZA WATU WA BUJUMBURA, NA KWA NINI TUWAALIKE WENGI ZAIDI KATIKA ALBAMU YETU



Kamati ya Jumuiya imeniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua kuandika juu ya picha, kwa sababu tunayo albamu yetu ya pamoja katika mtandao, ambayo wengi wenu mmeisikia lakini ni wachache tu waliomo ndani yake. Albamu hiyo ina picha za Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Ngagara na Kinama. Picha za harusi, za Idi na za Krismasi. Picha za madarasa na za timu za mpira. Pamoja na picha za miaka yetu hapa kambini. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, kila anayeifungua huona upungufu mmoja mara moja: nyuso ni nyingi, majina ni machache. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyo na jina ni mali ya namna hiyo.

Nia ya makala hii ni kuonyesha, kwa mifano ya historia yetu na ya majirani zetu, kwamba albamu haikamilishwi na wingi wa picha bali na wingi wa watu wanaoweza kuzisoma. Mwishoni nitaeleza utaratibu wa kuwaalika wengine bila kuhatarisha usalama wa mtu yeyote.

PICHA KAMA CHANZO CHA HISTORIA

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanahistoria hutegemea vyanzo kadhaa: masimulizi ya mdomo, maandishi, na masalio ya vitu vya kale. Picha haikai sawasawa katika fungu lolote kati ya hayo. Inaonyesha shati, nyumba, mti na uso, lakini haisemi ni nani, ni lini, wala ni kwa nini watu wale walikusanyika. Maneno hayo lazima yatoke kwa mtu. Kwa hiyo picha ni nusu ya chanzo. Nusu ya pili imo katika kichwa cha yule aliyekuwepo. Akifariki kabla hajaulizwa, nusu hiyo huzikwa naye.

WALIOTUPIGA PICHA KWANZA

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1839. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki studio zilifunguliwa mapema. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na watu wa mjini walikwenda kupigwa picha kwa hiari yao na kwa fedha yao. Kwetu bara mambo yalikuwa tofauti. Kamera ilikuja na mgeni, na mgeni ndiye aliyechagua nani apigwe na aitwe nani.

Mfano mmoja ni Hans Meyer, mwanajiografia wa Kijerumani, ambaye mwaka 1889 alifika kilele cha Kilimanjaro. Mwaka 1911 alisafiri Burundi, na mwaka 1916 kitabu chake kiitwacho Die Barundi kilichapishwa mjini Leipzig pamoja na picha. Mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji waliutwaa mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, na kwa zaidi ya miaka 40 maafisa wao na wamisionari waliendelea kupiga picha. Nyingi zimehifadhiwa Ulaya, hasa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

Hatuwezi kuwalaumu kwamba hawakutunza. Wametunza vizuri kuliko sisi. Lakini katika picha nyingi za wakati ule maelezo ni ya jumla: mpiga ngoma, mwanamke wa Kirundi, wachukuzi wa mizigo, mtoto wa mtemi. Jina la mzungu limeandikwa. Jina la mtu wetu halipo. Si ajabu. Albamu ile ilikuwa na watu wachache wenye ruhusa ya kuandika ndani yake, na hao hawakuwafahamu waliomo pichani.

Hata picha za mashujaa wetu zina tatizo hilo. Kila Mrundi anaujua uso wa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, akauawa mjini Usumbura tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Wazee wa Buyenzi husimulia kwa fahari jinsi alivyopendwa katika mtaa wao. Lakini chukua picha yoyote anayoonekana kati ya umati. Yeye tunamtaja. Je, wale waliosimama nyuma yake ni akina nani? Yule aliyevaa kanzu, yule mwenye baiskeli, wale akina mama wa mbele? Pengine wajukuu zao wako katika zoni zetu na hawajui.

MGONGO WA PICHA

Mambo yalibadilika watu wetu walipoanza kujipiga picha wenyewe katika studio za mjini. Hapo ndipo ilipoanza desturi nzuri ambayo wenye umri wa kutosha wanaikumbuka: picha ikishatoka, mtu aliigeuza na kuandika kwa kalamu nyuma yake. Aliandika jina lake, tarehe, mahali, na neno la ukumbusho kwa ndugu au rafiki anayempelekea. Upande wa mbele ulikuwa wa macho; upande wa nyuma ulikuwa wa historia.

Picha ya simu haina mgongo. Simu huandika yenyewe saa na tarehe, na mara nyingine mahali, lakini haijui kwamba huyu ni shangazi, yule ni fundi cherehani wa mtaa, na yule mtoto alifariki mwaka uliofuata. Tena picha inapotumwa kutoka simu hadi simu kwa WhatsApp, kwa kawaida hupunguzwa ubora, na baada ya kupita mikono kumi hakuna ajuaye ilitoka kwa nani. Tumepata picha nyingi kuliko babu zetu, na tumeandika kidogo kuliko wao.

JINSI PICHA ZETU ZILIVYOPOTEA

Ndugu wasomaji, hakuna familia hapa ambayo haikupoteza picha. Katika maafa ya mwaka 1972 watu wengi waliuawa, na wengine walikimbilia Tanzania, ambako wengi wao waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Aliyekimbia usiku hakubeba albamu. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, nyumba ziliungua vijijini na mjini, na vilivyokuwemo viliungua pamoja nazo.

Tulione na pengo lenyewe. Mwezi Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalikuwa yamefukuliwa katika makaburi sita ya halaiki katika mkoa wa Karuzi. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, kwa miwani na kwa rozari. Miwani ikimfikia mjane baada ya karibu miaka 50, yeye ndiye anayesoma, na bila yeye ni kioo tu. Hivyo ndivyo ilivyo na picha.

Si vita peke yake vinavyopoteza. Soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya redio vya binafsi vilianza kushambuliwa. RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zote ziliharibiwa au kufungwa. Mwezi Aprili 2020 mafuriko ya mto Rusizi yaliingia majumbani Gatumba. Katika kila tukio la namna hii kuna fundisho moja: kilichohifadhiwa mahali pamoja tu, kwa mtu mmoja tu, hupotea kwa siku moja.

WATOTO WA MWAKA 1994: ALBAMU ILIYOALIKA UMMA

Sasa niwaeleze mfano ambao mimi nauona ndio mkubwa kuliko yote katika eneo letu la Maziwa Makuu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, mashirika yakiwemo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF na Save the Children yaliandikisha watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na wazazi wao, ndani ya Rwanda na katika kambi za nchi jirani. Njia ya kawaida ya kuwatafuta ndugu ilikuwa ya majina. Msalaba Mwekundu ulikuwa na uzoefu wa muda mrefu; wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ofisi yake ya Geneva ilijaza kadi zipatazo milioni 7 za wafungwa na watu waliotafutwa. Mwaka 1994 pia ilianzishwa idhaa ya BBC iitwayo Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha familia, ambayo ilisoma majina hewani kwa Kinyarwanda na Kirundi.

Lakini ufanyeje na mtoto wa miaka miwili? Hajui jina la baba. Anasema tu "mama". Hana kilima, hana tarafa. Kwa watoto kama hao kadi na redio havikutosha, kwa sababu vyote viwili vinadai jina kwanza. Ndipo watoto wakapigwa picha, kila mmoja na namba yake, na picha zikapangwa katika mabango na vitabu. Kisha zikapelekwa kule ambako watu walikuwa: kambini na vijijini, mahali ambapo umati ungezipitia. Wazazi, mashangazi na majirani wakapita wakitazama uso mmoja baada ya mwingine. Wapo waliowaona watoto wao.

Tafakarini jambo hili kwa makini. Picha zile zilikuwa hazina majina, kama zetu. Kilichozipa uhai hakikuwa ubora wa kamera. Ni kwamba zilionyeshwa kwa watu wengi iwezekanavyo, hata watu wasiohusika, maana hakuna aliyejua mapema ni nani mwenye jibu. Jirani aliyepita akienda sokoni aliweza kusema, "Huyu ni wa nyumba fulani." Kama kitabu kile kingefungiwa katika kabati la ofisi na kuonyeshwa kwa wakubwa watano tu, mtoto angebaki namba.

Hali kadhalika, Kigali, katika jumba la ukumbusho la Gisozi lililofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo zimetundikwa picha za waliouawa. Picha hizo zilitolewa na familia zao wenyewe. Serikali haikuwa nazo. Zilitoka katika mabegi, katika vitabu vya sala na kwa ndugu wa ng'ambo, kwa sababu familia ziliombwa kuzileta. Mwaliko ndio uliojenga chumba kile.

MWEZI MEI 2015 NA ALBAMU ZA MTANDAO

Wengi wetu tunaukumbuka mwezi Mei 2015 kwa jina moja: Kagunga. Makumi ya maelfu ya watu walijazana katika kijiji hicho kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Mwezi huo huo, tarehe 28, kampuni ya Google ilitangaza huduma yake ya Google Photos, na mwishoni mwa mwaka 2015 ikaongeza albamu za pamoja. Hakuna aliyekuwa Kagunga aliyeisikia habari hiyo. Lakini albamu yetu ya leo iko katika huduma hiyo, kwa hiyo tuelewe inavyofanya kazi.

Albamu ina mwenyewe, yaani yule aliyeifungua. Mwenyewe anaweza kumwalika mtu mmoja mmoja kwa anwani yake, au akatoa kiungo. Akitoa kiungo, yeyote anayekipata anaweza kutazama, hata kama hajulikani. Waliojiunga wanaweza kuongeza picha na kuandika maoni chini ya kila picha. Sehemu hiyo ya maoni ndiyo mgongo mpya wa picha. Mtu akijitoa, picha alizoongeza huondoka naye.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zake. Wenzetu wengine wamerudi nyumbani, wengine wamehamishiwa nchi za mbali, na simu hupotea na namba hubadilika. Iwapo mwenye albamu atapotelewa na akaunti yake, sote tutakuwa tumepotelewa. Albamu ya watu wachache kwenye mtandao si salama kuliko sanduku chini ya kitanda. Inakuwa salama pale watu kadhaa, walio mahali mbalimbali, wanapohifadhi nakala zao.

HOFU YENYE HAKI

Wako wanaosema, "Tukialika wengi, tutamwalika na adui." Sitaki kuidharau hofu hiyo. Sote tunajua kwamba picha iliyo ndani ya simu inaweza kumtia mtu matatani kizuizini, na wapo waliofuta picha zao zote kabla ya kuvuka mpaka. Mama anayekataa uso wa mwanawe usiwekwe ana sababu zake, na hatakiwi kuzieleza mbele ya mtu.

Lakini tutofautishe kuwa wengi na kuwa wazi kwa kila mtu. Mlango unaweza kufungwa na nyumba ikawa imejaa. Tunachotaka ni orodha ndefu ya watu wanaojulikana, wala si mlango uliovunjwa. Kamati inapendekeza utaratibu huu:

1. Kiungo cha wazi kizimwe. Kila mwanachama mpya aalikwe kwa jina lake, akidhaminiwa na wanachama wawili wanaomfahamu.

2. Picha ya mtu aliye hai isiwekwe bila ridhaa yake. Akisema iondolewe, iondolewe siku hiyo hiyo bila maswali.

3. Picha za watoto ziwekwe kwa ruhusa ya mzazi au mlezi tu. Picha za majeruhi na za maiti zisiwekwe katika albamu hii.

4. Maelezo ya kila picha yataje jina, mahali na mwaka. Anwani ya mtu ya sasa na namba ya simu visiandikwe kamwe.

5. Watu watatu, wasioishi mahali pamoja, watunze nakala kamili ya albamu katika kadi za kumbukumbu, na wazikague kila mwaka.

TUWAALIKE AKINA NANI?

Kwanza, wazee. Hapa ndipo penye ugumu, maana wenye majina mengi ndio wasio na simu za kisasa. Kumtumia bibi wa miaka 80 kiungo ni kumwalika karamuni na kumficha njia. Kwao mwaliko ni kwenda na kukaa nao. Ninapendekeza vijana wa shule za sekondari wagawanywe kwa zoni, wawili wawili, mmoja aonyeshe picha na mwingine aandike daftarini yanayosemwa kwa Kirundi au Kiswahili, kisha yaingizwe katika maoni. Mzee akikosea mwaka, andikeni alivyosema, mwingine atasahihisha. Fanyeni mapema. Tunawazika wazee kila msimu.

Pili, ndugu walio mbali: waliobaki Bujumbura na wako radhi, waliorejea, na walioko Ulaya, Marekani na Kanada. Mara nyingi wao ndio waliopelekewa picha zile za studio zilizoandikwa nyuma. Tuwaombe wapige picha pande zote mbili.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima, ninyi wafanyakazi wa mashirika. Tangu siku ya kwanza mmetupiga picha: tukishuka kwenye basi, tukipanga foleni ya chakula, tukipokea turubai, tukisoma chini ya mti. Picha hizo ziko katika ripoti na katika makao makuu yenu. Nyingi zina maelezo kama "mkimbizi kutoka Burundi" au "mama na mtoto". Mnaona jinsi yanavyofanana na yale ya mwaka 1911. Hatudai mzifute, wala hatuwatuhumu kwa nia mbaya. Tunaomba nakala za zile zinazoruhusiwa kutolewa, ili sisi tuzirudishie majina, kila mtu kwa ridhaa yake. Mfanyakazi ambaye mkataba wake unakwisha na picha zimo katika kompyuta yake, azilete kabla hajaondoka.

Nne, wale walionyamaza kwa kudhani hawana cha kuchangia kwa sababu picha zao zote ziliungua. Ninyi tunawahitaji kuliko wenye picha. Mnaweza kuwa ndani ya picha za wengine. Jirani yako alipofunga ndoa ulikuwapo. Yawezekana marehemu baba yako amesimama pembeni, mtu wa tatu kutoka kushoto, na hakuna mwanachama hata mmoja anayemfahamu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulio ndani ya albamu ndio wenyeji, na ndio wenye maradhi: tunatazama nyuso tusizozijua. Anayeingia leo ndiye anayekuja na dawa.

Wanaopenda kujiunga, kuleta picha za karatasi zipigwe nakala, au kujitolea kuandika maelezo ya wazee, waonane na viongozi wa zoni zao au wafike shuleni baada ya masomo ya jioni. Picha za karatasi zitarudishwa kwa mwenyewe papo hapo. Kila mwanachama wa sasa anaombwa alete mtu mmoja mpya kabla ya kikao kijacho cha Kamati, na kabla hajamleta, aandike majina katika picha tatu alizoweka yeye mwenyewe.